Storibodi ya filamu fupi: mwongozo kwa asiyejua kuchora

Swali ni lile lile kila siku. Mtu ana stori nzuri, ana simu yenye kamera safi, ana rafiki zake watatu wako tayari kuigiza bure, halafu ananiuliza nianzie wapi. Namwambia anza na storibodi. Ananijibu mie sijui kuchora. Basi naandika hapa mara moja ili mwengine akiuliza nimpe hii asome.

Storibodi ni vijisanduku kwenye karatasi, kila kijisanduku ni shoti moja, yaani kipande kimoja tokea kamera inawashwa mpaka inazimwa, na chini yake maneno machache. Mambo haya yalishika kasi studio ya Walt Disney kule Marekani miaka ya 1930, wachoraji wakibandika michoro yao ukutani kwa pini ili stori nzima ionekane kwa mpigo na kipande kibovu king'olewe kabla watu hawajatoka jasho. Nadharia imeishia hapo.

Lenye maana ni hili tu: storibodi ni kazi ya kuamua. Kuchora kunakuja baadae, na hata ukichora vibaya haidhuru maana mtazamaji wako hatoiona karatasi hiyo maisha. Nimeona storibodi zimepakwa rangi, nyuso zina kope na kila kitu, halafu ukiuliza kamera inakaa wapi mwenyewe hajui.

Kabla hujaanza uwe na hivi

- Stori yako imeandikwa. Ukurasa mmoja unatosha, na kama bado iko kichwani tu basi funga hapa kaiandike kwanza.
- Karatasi za A4, au daftari la hesabu lile la vijisanduku.
- Penseli, ufutio, rula, na kalamu nyekundu moja.
- Vikaratasi vya kunata. Ukikosa, kata karatasi vipande na selotepu.
- Simu, ya kupigia picha na ya kuhesabia sekunde.
- Mtu mmoja ambae hajaisikia stori yako. Usimwambie kitu mpaka hatua ya 8.

Tableti si lazima. Programu ya kompyuta pia si lazima, ingawa ipo moja inaitwa Storyboarder ni ya bure na nzuri kwa anaependa. Mie kwa mtu anaeanza nasema karatasi, kwa sababu karatasi unaichana bila uchungu.

Tutatumia stori moja mpaka mwisho ili tusipotezane. Ni Ramadhani, Mji Mkongwe, Maryam ana miaka minane, bibi yake kampa bakuli la tambi limefunikwa kawa apeleke kwa jirani kabla ya magharibi. Vichochoro, watu wana haraka, kidogo limwagike. Anafika, jirani anapokea, na bakuli kama mnavyojua halirudi tupu, linarudi na kaimati. Stori imeisha, na hamna hata mtu mmoja aliehitaji kusema maneno kumi.

1. Kata stori kwa vinavyoonekana

Soma stori yako sentensi moja moja, kila sentensi ujiulize hii kamera itaiona? "Maryam anaogopa kuchelewa" kamera haiioni. "Maryam kasimama, anatizama juu, anaongeza hatua" hiyo inaonekana. Sentensi isiyoonekana ima uigeuze iwe kitendo ima uifute. Hapa watu hukasirika maana sentensi walizozipenda khasa ndio zinaondoka, lakini bora ziondoke leo kuliko siku ya kushuti unamwambia mtoto wa watu "fanya kama una huzuni ya ndani" na yeye anakutizama tu.

Kila kitendo kiandike kwenye kikaratasi chake. Kimoja kimoja, usibananishe viwili.

2. Amua simu italala au itasimama

Hili liamue sasa hivi, usisubiri mpaka mchana wa kushuti. Kama filamu inakwenda kwenye skrini kubwa, au una ndoto ya kuipeleka ZIFF tamasha letu la hapa hapa Unguja, simu ilale, yaani umbo la 16:9. Kama ni ya kutizamwa kwenye simu tu, isimame, 9:16.

Kwa simu iliyolala chora visanduku vya sentimita 8 kwa 4.5, viwili kwa upana, safu tatu, na baina ya safu uache nafasi ya maandishi. A4 moja inaingia sita bila kubanana. Kwa simu iliyosimama geuza, 4.5 kwa 8, vitatu kwa upana safu mbili, pia sita. Chora ukurasa mmoja safi halafu utoe fotokopi, usikae unapiga rula usiku kucha.

Tahadhari: usichore visanduku vya mraba. Ukichora mraba utapanga watu kwenye mraba, ukifika na simu kichwa cha mtu hakimo.

3. Nenda pahala penyewe kabla ya kuchora

Hatua hii ndio inayorukwa kuliko zote, na ndio ninayoishikilia. Wengi wanachora wakiwa kitandani, wanachora kichochoro kipana kama uwanja wa Maisara, halafu wanakwenda Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe, wanakuta njia yenyewe watu wawili wakipishana mmoja ajibane ukutani. Ile shoti yako ya kumuona Maryam mzima kwa ubavu akipita, kamera utaiweka wapi? Ndani ya ukuta? Kwenye vichochoro vyetu utajikuta una pande mbili tu, mbele yake au nyuma yake, na ubavu unaupata kwenye njia panda au penye uwazi mbele ya msikiti au sokoni. Hayo huyajui mpaka ufike.

Nenda saa ile ile utakayoshuti. Mchana jua linaingia kichochoroni kutoka juu kabisa, ukuta mmoja unawaka mwengine mweusi, na simu inababaika. Alasiri chini kunakuwa kiza cha rangi ya majivu lakini ghorofani bado jua linapiga dirishani, kwa hiyo ukimuinua Maryam akatizama juu, uso wake utapata mwanga mzuri ambao usingeupanga ukiwa nyumbani. Sikiliza pia. Jenereta la duka, fundi anaegonga bati, vespa. Andika yote.

Msimamishe rafiki yako, piga picha ya kila pahala kwa urefu wa macho ya mtoto, si macho yako. Hizo picha ndio utakazochorea.

Na kama stori yako ni ya pwani basi zingatia maji. Paje, Jambiani, upande wote ule, maji yakitoka bahari inakwenda mbali huko, unaona mwani na mchanga tu, yakijaa yanakuja mpaka karibu na minazi. Baina ya maji kujaa na kutoka ni kama masaa sita, na kila siku yanachelewa dakika 50 hivi kuliko jana, kwa hiyo ukiona leo maji yametoka saa nne asubuhi usipange kushuti wiki ijayo saa nne ukategemea utayakuta vile vile. Bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kutoka sana, na maji mafu pia si sawa, wakati wa maji mafu hayatoki kwa mbali. Muulize mvuvi au akina mama wa mwani, wanajua bila kufungua simu. Halafu kwenye kisanduku chako uandike wazi "maji yametoka" au "maji yamejaa".

Ukiwa huko huko mpitie na sheha wa shehia umuelezee unataka kufanya nini, na mambo ya kibali kaulizie mapema Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni. Bandarini na kwenye majengo ya serikali usiinue kamera bila ruhusa. Mtu aliekaa barazani kwake muombe, usimuweke kwenye filamu kwa nguvu.

4. Andika orodha ya shoti kwa maneno

Bado hatujachora. Kwa kuanzia tumia saizi tatu tu: ya mbali (mtu mzima na pahala alipo), ya kati (kiunoni kwenda juu), na klozapu (uso, mkono, kitu). Nyengine utajifunza mbele ya safari.

Orodha ya Maryam inakuwa hivi, namba ya kwanza ni sini (tukio la pahala pamoja), ya pili ni shoti:

1-1 Mbali. Jikoni, bibi na Maryam, bakuli juu ya meza.
1-2 Klozapu. Kawa linashuka juu ya bakuli, mvuke unatoka pembeni.
1-3 Kati. Maryam anapokea kwa mikono miwili.
2-1 Mbali. Mlango unafunguka, Maryam anatoka, anaelekea kulia.
2-2 Mbali, kutoka mgongoni kwake. Kichochoro, vespa inakuja.
2-3 Klozapu. Bega linakwaruza ukuta, kawa linacheza.
2-4 Kati. Kasimama, anatizama juu.
2-5 Anachokiona yeye: kipande cha mbingu baina ya mapaa, rangi ya machungwa.
3-1 Kati. Mlango wa jirani, mikono ya mtu mzima inapokea bakuli.
3-2 Klozapu. Kawa linafunuliwa, ndani kaimati.
4-1 Mbali. Maryam anarudi, anaelekea kushoto. Adhana.

Kila shoti iulize swali moja, mtazamaji kajua nini kipya hapa? 2-3 inatwambia bakuli liko hatarini. 2-5 inatwambia muda umekwisha. Kama shoti haina jawabu, itoe. Wanaoanza hupenda kuweka shoti tano za mtu anatembea, mbele, nyuma, miguu, juu, kisha miguu tena, na sote tunajua tokea ya kwanza kwamba anatembea.

Ukikumbuka shoti mpya baadae usibadilishe namba zote. Iliyoingia baada ya 2-3 iite 2-3A. Ukianza kubadilisha namba, mwenzio alie na orodha ya jana na weye ulie na ya leo mtagombana mbele ya watu.

5. Sasa chora, haraka

Dakika mbili kwa kisanduku, zikipita endelea na kingine. Kichwa ni duara, mwili ni mstari, mikono vijiti. Pua iwe kinukta upande anaotizama, inatosha kabisa. Bibi mpe ushungi ili ajulikane, Maryam mfanye mfupi.

Mambo matatu tu ndio lazima yawe sahihi:

Saizi ya mtu ndani ya kisanduku. Kama ni klozapu ijaze sanduku kweli. Watu huandika klozapu halafu wanachora kijitu kidogo katikati na uwanja mtupu pembeni.

Urefu wa kamera. Kwa stori hii mie ningeiweka kamera kwenye macho ya Maryam tokea mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo watu wazima tunawaona tumbo na mikono, vichwa vimekatwa na fremu, yaani ukingo wa picha. Ile 3-1 hatumuoni jirani uso kabisa, tunaona kanga, bangili na mikono inashuka. Ukiamua hivyo chora hivyo, usiwape watu wazima vichwa kwa huruma.

Mishale. Penseli kwa anaetembea, kalamu nyekundu kwa kamera inayotembea. Bila rangi mbili utakuja kujiuliza hapa nani anakwenda, mtu au simu? Na kama kamera haitembei usiweke mshale wa kupendezesha.

6. Kagua anakwenda upande gani

Maryam anatoka nyumbani akielekea kulia. Basi njia nzima ya kwenda aelekee kulia, anatoka upande wa kulia wa fremu, shoti inayofuata anaingia upande wa kushoto. Ukimgeuza bila sababu, mtazamaji anaona karudi nyumbani kafuata kitu. Na kwa sababu hiyo hiyo 4-1 anaelekea kushoto, hapo bila mtu kusema neno tunajua huyu anarudi.

Kwenye vichochoro kamera ikiwa mbele yake moja kwa moja au mgongoni moja kwa moja, hakuna kulia wala kushoto, shoti kama hizo ni salama na ndio daraja la kukuvusha ukitaka kumgeuza upande.

Watu wawili wakizungumza, chora mstari kwenye karatasi kutoka kwa mmoja mpaka kwa mwengine, ukiangalia kutoka juu kama kunguru. Chagua upande mmoja wa mstari, kamera ikae upande huo tu. Ukiuvuka, bibi na Maryam wote watatizama upande mmoja, na itaonekana kama kila mtu anazungumza na ukuta.

Pitisha kidole kisanduku kwa kisanduku ukifuata pua na mishale tu, usisome maneno. Pahala kidole kinapobabaika ndipo penye kosa.

7. Andika chini ya kila kisanduku

Namba, kitendo kwa maneno machache, sauti, sekunde, na mwanga. Sekunde usibahatishe, simama ufanye kitendo mwenyewe huku simu inahesabu. Kufunika bakuli ni sekunde tatu, mtu kwa kuandika tu angeweka kumi.

Sauti wengi wanaisahau halafu wanahangaika. Hii yetu ina adhana ya magharibi. Sasa fikiri, ukisema utashuti Ramadhani yenyewe, dakika ile ile ya adhana, nani atakushikia simu? Waigizaji wanafuturu, jirani mwenye mlango anafuturu, weye mwenyewe unatamani maji. Shuti siku za kawaida, adhana irekodi peke yake siku nyengine ukiwa umetulia, na chini ya 4-1 andika "adhana, itawekwa kwenye kuediti".

8. Bandika ukutani umuite yule mtu

Visanduku vyote vikate uvibandike ukutani kwa mpangilio. Mwambie akusimulie yeye anaona nini. Weye kaa kimya. Akisema "mtoto kapewa chakula, anakipeleka, mara anatizama ndege" basi 2-5 yako haijasema magharibi, imesema ndege. Usimueleweshe. Siku filamu ikitoka hutokaa ubavuni kwa kila mtazamaji kumfafanulia. Badilisha kisanduku, bandika tena.

9. Ipige picha uitizame ikitembea

Kila kisanduku picha moja, zitie kwenye programu ya kuediti ya simu kama CapCut, kila picha ipe sekunde zake, jirekodi mdomo wako ukifanya sauti za vespa na mlango. Utacheka, lakini utaona kwamba jikoni umekaa sana na kichochoroni umepita mbio. Kurekebisha hapa ni kuvuta kidole tu.

10. Panga siku ya kushuti

Storibodi inafuata stori, siku ya kushuti inafuata mwanga na pahala. Nakili namba upya kwa mpangilio huo. Za jikoni asubuhi, dirisha likiwa na mwanga. Shoti za mlango wa bibi na njia yote piga pamoja alasiri. 2-5 ile ya mbingu haisubiri, huku kwetu jua likishazama nusu saa nyingi kushakuwa usiku, kwa hiyo uwe umeshasimama pahala pake simu mkononi. Kila shoti ikishapigwa ikate kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi.

Ukikwama

*Shoti zimekuwa nyingi mno.* Zitoe klozapu zote ukutani usimulie tena. Zile ambazo stori inakatika bila hizo zirudishe. Zilizobaki mkononi weka kwenye bahasha.

*Nimefika, mlango niliouchora umefungwa, mwenyewe kasafiri.* Tizama shoti ile ilikuwa inasema nini. Kama kazi yake ni "kafika kwa jirani", mlango wowote na ile mikono yenye bangili vinatosha. Ndio maana tuliandika kitendo chini, picha peke yake isingekusaidia.

*Mvua.* Vuli na masika hazina adabu. Uwe na shoti za ndani za akiba siku hiyo, na usishuti nusu ya kichochoro kikavu na nusu kimerowa.

*Muigizaji anataka kubadilisha.* Msikilize, mara nyengine ana haki. Lakini akibadilisha upande anaoelekea, rudi hatua ya 6 ukague jirani wa kushoto na wa kulia wa kisanduku hicho kabla hujasema sawa.

*Kila kisanduku kinafanana.* Umeweka kamera pahala pamoja umbali mmoja. Chukua kimoja katika kila vitatu, kisogeze mpaka kiwe klozapu ya mkono au kitu, halafu tizama tena ukuta mzima.

*Sielewi mchoro wangu mwenyewe baada ya wiki.* Hiyo ni maandishi ya chini umeyaruka. Andika siku hiyo hiyo unayochora, na piga picha kurasa zote umtumie mwenzio, maana karatasi moja tu ikirowa au ikiachwa kwenye daladala kazi imekwenda.